Nani Mjinga? Joe Frazier, Lafudhi ya Beaufort na Ulimi wa Ali

Neno lenyewe lilikuwa moja tu: mjinga. Muhammad Ali alilitamka ndani ya studio ya televisheni ya ABC jijini New York, Januari 1974, siku chache kabla ya pambano lake la pili na Joe Frazier. Walikuwa wameketi na mtangazaji Howard Cosell wakitazama mkanda wa pambano lao la kwanza, kila mmoja akieleza alichokuwa anafanya ulingoni. Maneno yalikuwa yanarushwa huku na huku, nusu utani, nusu kweli. Frazier akagusia kwamba usiku ule Ali aliishia hospitali. Ali akajibu kuwa yeye alikaa dakika kumi tu, Frazier ndiye aliyelazwa siku nyingi, na kwamba kulitaja jambo hilo mbele ya watu kunaonyesha jinsi jamaa alivyo mjinga.

Frazier akavua kifaa cha sikioni, akasimama, akamuuliza: mjinga kivipi? Ali akamkamata shingo, wakaanguka sakafuni na suti zao. Tume ya michezo ya New York ikawatoza faini ya dola 5,000 kila mmoja.

Watu wengi walisema ni maigizo, eti wanauza tiketi. Kwa upande wa Ali inawezekana. Lakini mtazame Frazier. Kufikia siku ile alikuwa ameshaitwa kibaraka wa wazungu, ameshaitwa mbaya wa sura, ameshaambiwa kwamba hata mtu mweusi akimshangilia basi huyo si mweusi kamili. Yote hayo aliyapokea kwa kununa. Lililomnyanyua kwenye kiti ni hili la ujinga. Kwa nini?

Jibu langu ni kwamba neno lile halikuwa linazungumzia akili. Lilikuwa linazungumzia mahali. Aliyezaliwa alikozaliwa Joe Frazier alikuwa amelisikia maisha yake yote, na mara nyingi lilimjia kupitia njia moja: namna anavyotamka maneno.

Frazier alizaliwa tarehe 12 Januari 1944 karibu na mji wa Beaufort, South Carolina, katika familia ya watoto wengi ya Rubin na Dolly Frazier. Jina la mji huo peke yake ni mtihani wa lafudhi. Kuna Beaufort nyingine North Carolina ambayo wenyeji huitamka kama “Bofati”. Hii ya South Carolina wenyewe wanaiita “Byufati”. Ukikosea, wanajua papo hapo kwamba wewe mgeni.

Ni nchi ya mabwawa ya maji chumvi na visiwa. Enzi za utumwa kulilimwa mpunga, na pamba ya visiwani iliyosifika kwa nyuzi ndefu. Malaria iliwafanya wamiliki wengi wazungu wakimbie miezi ya joto, hivyo maelfu ya Waafrika kutoka Afrika Magharibi na eneo la Kongo na Angola walibaki wakiishi wao kwa wao, kizazi baada ya kizazi. Humo kikazaliwa Kigullah, lugha ya krioli yenye maneno mengi ya Kiingereza lakini ikiwa na mifupa yake yenyewe. Wenye lugha hiyo huitwa Wagullah, na wengine, hasa upande wa Georgia, huitwa Wageechee.

Msomaji wa Kiswahili akiitazama lugha hii hataona maajabu. Nafsi ya tatu katika Kigullah ni “e”, ikimaanisha mwanamume, mwanamke, hata kitu. Mwingereza anaona huyu mtu kachanganya jinsia, hajui lugha. Sisi tunaosema “yeye” na “anakuja” bila kujali ni baba au mama, tunaona sarufi ya kawaida kabisa. Karanga huko Kusini mwa Marekani huitwa goober, neno lililotoka kwenye Kikongo “nguba”, na mkazi yeyote wa Kinshasa anakula nguba mpaka leo. Mzungu ni buckra, kutoka “mbakara” ya lugha za Efik na Ibibio.

Lakini kwa miaka mingi hakuna aliyeisoma hivyo. Mwaka 1922 Ambrose Gonzales, mwandishi mzungu wa South Carolina, alichapisha kitabu cha hadithi za Wagullah na ndani yake akaeleza kwamba lugha yao ni Kiingereza cha wakulima duni kilichoharibiwa na uvivu wa ndimi na maumbile ya midomo. Hayo yalipokelewa kama elimu. Ilibidi aje Lorenzo Dow Turner, mwanaisimu mweusi aliyezaliwa North Carolina, kuyapindua. Turner alianza kurekodi wazee wa visiwani miaka ya 1930, akajifunza lugha za Afrika Magharibi ili ajue anachokisikia, na mwaka 1949 akachapisha Africanisms in the Gullah Dialect. Alionyesha maelfu ya maneno na majina yenye asili ya Afrika. Kilichoitwa uvivu wa ulimi kilikuwa kumbukumbu.

Mwaka kitabu hicho kinatoka, Joe Frazier alikuwa na miaka mitano, anaishi shambani, ambako baadaye utotoni alitundika gunia mtini akawa analipiga. Mkono wake wa kushoto uliumia utotoni alipokuwa anakimbizwa na nguruwe, haukunyooka tena vizuri. Ndio huohuo uliokuja kuwa ngumi ya kushoto iliyoogopwa kuliko zote. Shule aliiacha mapema. Akiwa na miaka 15 aliondoka Kusini. Kwa simulizi yake mwenyewe, alikuwa amegombana na mwenye shamba mzungu aliyemchapa mtoto mweusi kwa mkanda, na mama yake akamwambia kama huwezi kuelewana na wazungu basi uondoke. Akapanda basi kwenda New York, kisha Philadelphia.

Frazier hakuwa peke yake katika safari hiyo. Kati ya miaka ya 1910 na 1970 Wamarekani weusi wapatao milioni 6 walihama Kusini. Na kama inavyokuwa kila mahali, waliotangulia mjini waliwacheka waliofuata. Mtu wa shamba alijulikana kwa viatu, kwa chakula, na zaidi ya yote kwa mdomo. Neno “Geechee” likawa tusi la mtaani, na waliolitupa walikuwa weusi wenzao. Jaji Clarence Thomas wa Mahakama Kuu ya Marekani, aliyezaliwa Pin Point, Georgia, aliwaeleza wanafunzi mwaka 2000 kwamba alichekwa sana shuleni kwa namna alivyozungumza, na hapo ndipo alipojifunza kukaa kimya na kusikiliza. Mtu amefika juu kabisa ya sheria ya nchi na bado anakumbuka kicheko cha darasani.

Philadelphia ilimpa Frazier kazi ya machinjioni, ambako alizoea kuzipiga ngumi nyama zilizoning'inia. Ikampa kocha, Yancey Durham. Mwaka 1964 alikwenda Tokyo kwenye Olimpiki kwa sababu Buster Mathis aliyemshinda kwenye mchujo aliumia, akarudi na dhahabu baada ya kupigana fainali akiwa na kidole gumba kilichovunjika. Kufikia Februari 1970 alikuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu asiye na mpinzani ulingoni. Lakini mdomoni mpinzani alikuwepo.

Hapa lazima tumtendee haki Ali. Yeye naye alikuwa mtu wa Kusini: Louisville, Kentucky. Lakini Louisville ni mji. Baba yake alichora mabango ya maduka na picha za kanisani, familia ilikuwa na nyumba yao. Lafudhi yake ilikuwa ya Kusini pia, ila ilikuwa ya mjini, yenye kasi ya mhubiri na ujanja wa mwanamieleka Gorgeous George, ambaye Ali mwenyewe alisema alimwiga namna ya kujinadi. Aligeuza maneno kuwa silaha wakati ambapo bondia mweusi alitarajiwa kushukuru meneja wake na kunyamaza.

Na hili ndilo linalonishangaza kila ninapolifikiria. Ali mwenyewe alikuwa ameshapigwa muhuri wa ujinga, tena na serikali. Shuleni Central High alimaliza mwaka 1960 akiwa wa 376 kati ya wanafunzi 391. Mwaka 1964 alifeli mtihani wa akili wa jeshi, magazeti yakacheka, naye akajitetea kwa utani kwamba alisema yeye ni mkuu kuliko wote, hakusema ndiye mwenye akili kuliko wote. Miaka miwili baadaye jeshi likashusha kiwango, ghafla akawa anafaa kwenda Vietnam. Alikataa Aprili 1967 na kunyang'anywa mkanda. Kusoma kulimsumbua maisha yake yote. Basi mtu huyo aliyejua vizuri ladha ya neno “mjinga” ndiye aliyelichukua na kumbandika mwenzake.

Mwenzake ambaye alimsaidia. Wakati Ali amefungiwa, Frazier alimpa fedha na aliunga mkono arudishiwe leseni. Walipanda gari moja kutoka Philadelphia kwenda New York wakipanga jinsi watakavyotajirika wakipigana. Kisha Ali aliporudi, mazungumzo ya garini yakasahaulika. Mbele ya kamera Frazier akawa mbumbumbu asiyejua kuongea, bingwa gani huyu, dunia itamwelewaje?

Mashabiki wakagawanyika. Pambano la tarehe 8 Machi 1971 pale Madison Square Garden, kila bondia akilipwa dola milioni 2.5, liligeuzwa kura ya maoni. Waliompenda Ali walisema anazungumza kwa niaba ya weusi wote. Frazier kwao alikuwa bubu wa mashambani anayetumiwa na wazungu. Waliompenda Frazier walijibu kwamba huyu ndiye mtu wa kazi, hana makuu, hapigi kelele. Ukisikiliza kwa makini, pande zote mbili zilikuwa zinasema kitu kimoja: mtu wa shamba la South Carolina ni mkimya, ana nguvu, hana mawazo. Upande mmoja ulikiita aibu, mwingine ukakiita fadhila. Wazungu wengi waliompigia makofi hawakumpenda yeye. Walipenda kwamba si Ali.

Hoja ya Frazier mwenyewe haikupata nafasi katikati ya makelele hayo, nayo ilikuwa nzito. Alihoji: mimi nimelima, nimekua bila chochote chini ya ubaguzi wa Kusini wa kweli, huyu wa nyumba ya mjini anapata wapi ujasiri wa kunifundisha weusi? Aliisema mara nyingi. Lakini aliisema kwa lafudhi ile, na ndani ya lafudhi ile watu hawakusikia hoja.

Usiku ule alishinda. Raundi ya 15, ngumi ya kushoto ikamlaza Ali chali, majaji wote wakampa Frazier. Wiki chache baadaye alialikwa kulihutubia bunge la South Carolina jijini Columbia, ndani ya jengo ambalo juu yake ilipepea bendera ya majimbo yaliyopigania utumwa. Akazungumza juu ya weupe na weusi kuishi pamoja. Mtoto wa Beaufort, kwa sauti ya Beaufort. Bubu gani huyo? Alikuwa pia na bendi, akiimba majukwaani Marekani na Ulaya. Hakuwa mtu wa kukosa maneno. Alikosa wasikilizaji.

Hapa niseme jambo kuhusu kazi yangu, uandishi wa habari. Ubaguzi wa lafudhi hauishi kwenye vijiwe vya mashabiki tu. Unapita kwenye kalamu. Magazeti ya Marekani yalikuwa na desturi ya zamani ya kuandika maneno ya bondia mweusi jinsi yanavyosikika, herufi zimekatwakatwa, huku maneno ya meneja wake mzungu yakinyooshwa kwa sarufi safi. Joe Louis, mzaliwa wa Alabama, bingwa kuanzia 1937 hadi 1949, alikuwa mtu wa maneno machache, na waandishi walijaza ukimya wake kwa maneno ya mtu anayesinzia na anayependa kula. Sonny Liston kutoka Arkansas hakujua kusoma wala kuandika. Kila alichosema kiliandikwa kama kunguruma. Desturi hiyo haijafa, na haiko Marekani peke yake. Waziri akikosea sentensi, tunamnyooshea. Mama muuza samaki akikosea, tunaiacha hivyohivyo, “ili kuleta ladha”. Ladha kwa nani?

Kicheko chenyewe tunakijua. Wakenya wana neno kabisa, kushrabu, kwa mtu ambaye lugha ya nyumbani kwake imemponyoka katikati ya Kiingereza au Kiswahili. Huku Tanzania mtu akichanganya “r” na “l” bungeni, kesho yake kipande kinazunguka kwenye simu, na hakuna anayekumbuka alikuwa anauliza kuhusu bei ya mbolea. Inaonekana kitu kidogo. Lakini muulize aliyechekwa, kama Jaji Thomas, kimemchukua miaka mingapi kunyoosha mkono tena.

Turudi ulingoni. Frazier alipoteza mkanda kwa George Foreman huko Kingston, Jamaika, Januari 1973, akaangushwa mara sita. Akapoteza kwa pointi kwa Ali siku chache baada ya purukushani ya studio. Kisha ikaja Manila, tarehe 1 Oktoba 1975. Safari hii Ali alitembea na sanamu ya mpira ya sokwe mfukoni, akiipiga mbele ya waandishi, akisema huyu ndiye Frazier. Waandishi wakacheka. Ujinga ulikuwa umefika mwisho wake wa kawaida: asiyejua kusema si mtu. Watoto wa Frazier walisimulia baadaye jinsi walivyotaniwa shuleni. Pambano lenyewe liliwatoa roho wote wawili. Kocha Eddie Futch alilisimamisha kabla ya raundi ya 15 kwa sababu Frazier alikuwa haoni tena.

Watetezi wa Ali husema alikuwa mfanyabiashara, na kwamba Frazier naye alikula fedha za kelele zile. Ni kweli, alikula. Lakini fedha zilikwisha na maneno yakabaki. Mwaka 2001 Ali alikiri kwenye gazeti la New York Times kwamba alisema mambo ambayo hakupaswa kusema, na akaomba radhi. Frazier aliona radhi hiyo ingeletwa kwake, si gazetini.

Na mji wake? Mwaka 1976, mwaka mmoja baada ya Manila, ilitoka filamu ya Rocky. Bondia wa Philadelphia anayepiga nyama kwenye bucha, anayezungumza kwa kumung'unya, mzito wa maneno. Dunia ilimpenda. Kumung'unya kwake kukaitwa moyo safi. Frazier, mwenye historia ya nyama zile, anaonekana humo kwa muda mfupi tu, akipita ulingoni kusalimia. Sanamu ya Rocky, mtu asiyewahi kuwepo, ilikuja Philadelphia mapema miaka ya 1980. Ya Frazier ilizinduliwa Septemba 2015, karibu miaka minne baada ya kifo chake cha tarehe 7 Novemba 2011. Ukumbi wake wa mazoezi pale North Broad Street, ambako aliwahi kulala ghorofani, ulifungwa 2008 na kugeuzwa duka la samani.

Ulimi wa Ali nao ulikuwa na mipaka. Februari 1980 Rais Jimmy Carter alimtuma Afrika kuomba nchi zisusie Olimpiki ya Moscow. Dar es Salaam, Mwalimu Nyerere alikataa kumwona, na waandishi wakamuuliza kwa nini Afrika isusie kwa ajili ya Marekani ilhali Marekani haikususia na Afrika mwaka 1976 kwa ajili ya Afrika Kusini. Mkali wa maneno akakosa jibu, na kwa uungwana wake akakiri kwamba hakuwa ameelezwa.

Kufikia wakati huo sauti yenyewe ilikuwa imeanza kuwa nzito. Mwaka 1984 madaktari walitaja ugonjwa wa Parkinson. Frazier, kwa uchungu uliokuwa umeoza ndani yake, aliicheka sauti ile hadharani na kusema ndiye aliyeisababisha. Ilikuwa vibaya, na mashabiki wengi hawakumsamehe. Kicheko kile kilikuwa kimezunguka na kumrudia aliyekianzisha, bila kumponya aliyechekwa kwanza.

Ila kuna tofauti moja ambayo bado inaniuma. Ali alipoanza kumung'unya, dunia nzima ilinyamaza. Watangazaji waliinama karibu na mdomo wake. Maraisi walisubiri amalize sentensi. Hakuna aliyethubutu kusema kwamba mtu asiyesikika vizuri hana anachowaza. Subira hiyo ilikuwepo muda wote, basi. Joe Frazier wa Beaufort aliihitaji akiwa na miaka 27, mkanda wa dunia ukiwa kiunoni, na watu walimwambia arudie tena, hawajamwelewa.